Namba Moja Niliyoiruka

Watu wa mtaa wetu wa Vuga waliomfahamu Usi Borafya walimfahamu kwa jambo moja: kwamba alishindwa kulipandisha gari la marehemu mume wangu kilima cha Masingini. Jambo hilo lilisemwa barazani na likasemwa sokoni, mpaka likawa kama jina lake la pili. Mimi nililisikia mara nyingi na sikulikanusha hata mara moja.

Usi alikuwa mtu wa Makunduchi. Alikuja mjini kuwa utingo wa lori la nazi, na ufundi wake aliupata chini ya lori hilo, amelala chali mchangani. Chuoni alisoma Kurani, skuli alikaa miaka miwili tu. Alijua tarakimu, herufi za Kizungu zilimpita. Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake aliiosha kwa mafuta ya taa na sabuni kabla ya kugusa kikombe cha nyumbani kwetu. Mume wangu, Masoud, alimwajiri mwaka 1966, maradhi yalipomzuia kuendesha mwenyewe.

Gari letu lilikuwa la kijani, la petroli, na zamani likienda mpaka Makunduchi bila kuhema. Usi alipolishika mara ya kwanza alirudi na uso wa mashaka.

"Bwana, gari hii imechoka. Nnakanyaga mafuta, inanguruma tu, haiendi. Na moshi wake mweusi."

"Uzee huo," Masoud akamjibu. "Mimi na yeye tumezeeka pamoja."

Haukuwa uzee, na mimi nilijua. Januari ya 1964, katika siku zile za mapinduzi ambazo kila mwenye kitu cha thamani alitafuta pa kukiweka, Masoud alilifungua bati la duara lililokaa juu ya kabureta, akalitoa chujio la hewa lililokuwamo, na mahali pake akaweka kidani na bangili sita za marehemu mama yake, zimefungwa kwenye kitambaa. Injini ikabaki kuvuta pumzi kwa mwanya mdogo pembeni ya bunda lile. "Usimwambie mtu," aliniambia. "Hata dada yangu." Siku zile zikapita, lakini sisi tuliendelea kuogopa, na dhahabu ikabaki palepale.

Masoud alifariki Novemba 1966. Siku ya arubaini, wifi yangu Biasha aliniuliza mbele ya wanawake wote: "Na vitu vya mama viko wapi?"

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa mwalimu, nimesomeshwa na baba aliyejivunia kwamba binti zake hawasemi uongo. Lakini kulikuwa na wanawake arubaini wakinitazama, na Biasha kifua chake hakiwezi siri. Nikasema, "Hakuna kilichobaki, wifi. Vilipotea siku zile." Neno likishatoka mbele ya watu wote hao halirudishiki, au mimi nilidhani halirudishiki.

Nilikuwa bado katika eda, sitoki na sionekani. Ndipo Usi alipokuja kuniomba jambo, akisimama uani nje ya dirisha langu, na pazia limeshushwa kati yetu.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, Usi. Sema."

"Kuna fundi mkuu wa karakana, Bwana Simai. Nimemwomba anichukue niwe fundi. Ameniambia, lete gari unayoitunza mwenyewe, tupande nayo Masingini. Ikipanda kwa gea ya juu nakuchukua. Isipopanda, rudi kwenye nazi zako." Akasogea karibu na dirisha. "Bi, bwana alikuwa na kitabu cha gari hii. Cha Kiingereza. Ukinisomea, nitaitengeneza hapahapa uani mpaka irudi kama ilivyokuwa."

Nilifurahi, na sitasema uongo tena: nilifurahi kwa sababu niliulizwa kitu ambacho mimi tu nilikijua. Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa nyuma ya pazia na kitabu mapajani, na Usi akawa upande wa pili na spana zake. Bi Duni, mzee wa ukoo aliyekaa nami katika eda, alitusikiliza huku akichambua mchele.

"Maajabu ya dunia," alisema. "Watu wakifiwa husoma Yasini. Huyu anasoma injini."

"Injini nayo inataka dua, Bi Duni," Usi akajibu kutoka nje.

"Basi iombee wewe. Mimi nina mchele wangu."

Ukurasa tulioutaka ulieleza la kufanya gari likipoteza nguvu. Yalikuwapo mambo manane, kila moja na namba yake nyeusi pembeni, na picha kando. La kwanza lilisema: fungua bati lililo juu ya kabureta, toa chujio la hewa, lisafishe au tia jipya, kwani injini isiyopata hewa haichomi petroli yote, hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu.

Nilisoma sentensi hiyo kimyakimya. Kisha nikaanza kwa sauti kutoka jambo lililofuata.

"Kinasema utoe plagi uzitazame."

Akazitoa. Zilikuwa nyeusi kwa masizi. Akazisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha, akaendesha mpaka Mtoni na kurudi. Kesho yake akanipigia hodi dirishani.

"Nshazisafisha jana, Bi, leo nyeusi tena kama chungu cha uji. Gari hii kama haipumui."

"Tuendelee na linalofuata," nilisema.

Tukaendelea. Alizirekebisha platini zinazotoa cheche, akipima mwanya wake kwa kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi. Aliifungua kabureta akaipuliza tundu moja moja. Mwishoni alikinyanyua kichwa cha injini kizima, akakwangua masizi kwa kijiti cha mianzi asikikwaruze chuma, akazisaga valvu kwa mkono siku nne, akizizungusha kama mtu anayepekecha moto. Mara kwa mara nilimpitishia kitabu chini ya pazia aione picha, naye alinirudishia kimefutwa vumbi. Kila kazi ilisaidia kidogo, na kila baada ya siku mbili moshi ulirudi.

Nilijisemea kwamba ufundi wake ungeshinda bila namba moja. Nilijisemea pia kwamba nikimaliza eda nitalifungua bati mwenyewe. Lakini nilipomaliza eda, Biasha alikuwa amehamia kwangu "kunipunguzia upweke", na kila nilipotoka uani alinifuata.

Siku moja kabla ya kwenda Masingini, Usi aliniuliza, "Bi, hakuna kitu kilichobaki kitabuni?"

"Hakuna."

"Haya, Bi."

Nilikwenda nao, yeye na Bwana Simai. Nilisema ni gari langu na nataka kuona. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nikiichunga dhahabu. Nilikaa kiti cha nyuma na buibui langu, Bwana Simai akakaa mbele karibu na Usi. Alikuwa mtu wa tumbo na kicheko.

Gari liliuanza mwinuko vizuri. Kufika nusu likaanza kukohoa. Usi akarudi gea ya pili, kisha ya kwanza, moshi ukatanda nyuma yetu, na wachuma karafuu waliokuwa wakiteremka wakasimama kututazama. Likazimika.

"Usi," alisema Simai, "hii inataka kusukumwa au kuzikwa?"

Wale wachuma karafuu wakacheka. Simai akashuka, akafungua boneti, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye bati la duara. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Usi akauweka mkono wake juu ya bati kabla ya wa Simai kufika.

"Hapo pazima, fundi. Nshapaangalia mwenyewe."

"Ondoa mkono nione."

"Pazima, fundi."

Simai akarudi nyuma hatua moja. "Fundi asiyetaka kazi yake itazamwe hana kazi," akasema. "Kwangu usije tena." Akateremka kilima kwa miguu, na alipofika mjini akasimulia.

Mimi kule nyuma nilimshukuru Mungu kwa ukaidi wa Usi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: kwamba nilishukuru.

Usi aliligeuza gari akanirudisha nyumbani. Mwezi uliofuata aliniaga akarudi Makunduchi, akawa akitengeneza baiskeli. Gari likakaa kibandani. Biasha naye akarudi kwake, na mimi, kwa kuona aibu, sikulikaribia gari hilo miaka minne. Mwaka 1971 akaja mtu kutaka kulinunua alivunje vipande, ndipo nikachukua spana na kitabu nikalifungua bati kwa mikono yangu.

Bunda lilikuwamo. Lakini kitambaa hakikuwa kile cha Masoud, kilichokuwa cheupe. Hiki kilikuwa kaki, safi, kimekazwa kwa uzi wa shaba. Na bunda halikulala chini. Lilikalia kigoda kidogo cha bati, kilichotobolewa matundu mengi kwa msumari, kila tundu limepigwa msasa, ili hewa ipite chini yake kadiri inavyowezekana. Bangili sita na kidani. Hakuna kilichopungua.

Nilimpelekea Biasha siku hiyohiyo, nikamweleza yote. Alilia, kisha akanitukana, na alikuwa na haki. Kesho yake nikapanda gari la abiria la shamba kwenda Makunduchi.

Nilimkuta Usi amepindua baiskeli, matairi juu. Aliponiona alinawa mikono kwanza.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu siku ya kwanza, Bi. Kitabu kina namba. Uliponipa nione picha ya plagi, niliona pembeni yake namba mbili. Nikatazama moja iko wapi, nikaona picha ya bati."

"Mbona hukuitoa dhahabu siku ile ya Masingini, ukairudisha baadaye?"

"Ningeiweka wapi? Mfukoni mwangu?" Alikuwa akitabasamu, bila furaha. "Ulishasema mbele ya watu hakuna dhahabu. Ningekutwa nayo, Bi, ungesema nini? Kwamba mimi mwizi, au kwamba wewe muongo?"

Alijua kabla yangu ni lipi ningelichagua.

Nilimwambia nitakwenda kwa Simai. Akaniambia Simai ameshahamia bara, na karakana sasa inachukua vijana waliosoma. Nilichoweza kumpa ni gari, nikampa. Alikuja mjini akafanya kazi siku tatu. Ya nne alitoa ndani ya gazeti chujio jipya la hewa. Alilinunua mwaka ule wa 1967, akalihifadhi. Akalitia mahali pake, akafunga bati, akaniomba nikae mbele.

Tulipanda Masingini kwa gea ya juu, bila moshi, mpaka kileleni. Usi alizima injini. Nilitazama nyuma. Njia nzima ilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu wa kwenda kusimulia isipokuwa mimi.