Peterlusi Asafiri Usiku wa Mchana

Ilikuwa usiku wa manane, na jua lilikuwa bado limekaa juu ya vilima kama mgeni asiyejua kuaga, maana huko kaskazini ya mbali, majira hayo, halizami. Kunu alikuwa ameziba madirisha kwa karatasi ya kung'aa ya jikoni, lakini hakulala. Alikaa mbele ya redio ya mawasiliano akisubiri kusikia kama mumewe, Peterlusi, na binti yao Miali wamefika nchi kavu au wamezama.

Pale kijijini kila mtu anajua kwamba barafu inapoanza kuyeyuka, ghuba haivukwi mchana. Jua likipanda, theluji inageuka uji na nyufa zinapanuka. Watu hulala mchana na kusafiri usiku, jua linapoinama kidogo na barafu kukaza. Hata mbwa wanajua. Peterlusi naye anajua. Kila mwaka huwafundisha wenzake pale dukani, kwa sauti kubwa, bila kuombwa.

Basi siku iliyotangulia usiku huo, mwalimu huyo alikuwa hemani na Miali ng'ambo ya ghuba, wakivua samaki. Akaamka, akatazama saa yake ya mishale, akaona saa moja. Jua lilikuwepo, kama kawaida yake. Akaamua ni jioni. Alipoita redioni, Kunu alikuwa anachemsha chai ya asubuhi.

"Mama Miali, tunafunga mizigo. Barafu itakaza sasa hivi."

"Itakaza na nini? Baba Miali, ni asubuhi! Toka nje uone jua liko upande gani!"

"Nimelala nimeshiba usingizi. Usinifundishe barafu."

"Basi niachie mtoto huko, wewe—"

Peterlusi akazima redio. Anatunza betri, bwana huyo. Anatunza kila kitu isipokuwa masikio.

Kijiji kizima kilisikia, maana wote hutumia mawimbi hayohayo. Kufika mchana, Ragili, dada yake Peterlusi, alikuwa hewani.

"Wifi, kaka yangu hajafika? Labda giza limempoteza."

"Mpelekeeni tochi!" akadakia mwanamume mmoja, na redio ikajaa vicheko.

Kunu naye alicheka, ili wasijue kwamba anaogopa. Mchana ukapita. Ilipofika jioni hakuna aliyetania tena. Wanaume walifunga mashua juu ya sleji, gari lisilo na magurudumu la kuburutwa juu ya theluji, wakaelekea kwenye ufa mkubwa wa ghubani, na tangu hapo redio ikawa kimya. Kunu aliwaza kitu kimoja tu: anayeendesha pikipiki ya theluji anauona ufa, anayekaa nyuma kwenye sleji anaona mgongo wa baba yake.

Ndipo akasikia hatua kwenye ngazi, kisha mlango ukagongwa.

Kwao hakuna anayepiga hodi. Mtu hufungua mlango, akaingia, akajimiminia chai. Wanaogonga ni polisi tu, na polisi hawatembei saa hizo kuleta salamu.

Ukagongwa tena.

"Nani?" Kunu aliuliza.

"Mama, ni mimi. Baba amesema tugonge kwanza."

Kunu aliuvuta mlango. Miali alikuwa amevaa koti la mtu mzima, la mmoja wa wale waliokwenda na mashua, suruali yake imelowa mpaka kiunoni, midomo imebadilika rangi.

"Pikipiki imezama, mama. Sleji ilikwama juu ya ufa, ndipo tukatambaa juu yake."

Nyuma yake alisimama Peterlusi, bila glavu, bila kofia, akitazama viatu vyake.

"Tumefika," alisema. "Saa yangu ina hitilafu."

Kunu alimshika mtoto mkono, akamwingiza ndani. Kisha akasukuma komeo ambalo halikuwahi kutumika tangu nyumba ijengwe. Ilibidi alipige kwa kiganja.

"Mama Miali! Nina baridi!"

"Jua liko huko nje, baba Miali," alijibu, huku akimvua mtoto buti. "Liote."

Mlango ukabaki umefungwa.