Mama Kishindo na Karatasi ya Nne

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti katika chumba kisicho na dirisha. Ameuma leso iliyokunjwa. Anahema, ananusa hewa, kisha anabweka mara mbili mbele ya kipaza sauti. Nyuma ya kioo, fundi sauti anamwonyesha kidole gumba.

"Ndala ya baba? Mimi sijaiona! Sijaiona kabisa!" anasema mbwa.

Ndala iko mdomoni mwake, na watoto wote wanajua. Huyo ndiye Kishindo, mbwa wa nyumbani katika katuni ya jioni, mwizi wa ndala na mpenda watu kupita kiasi. Katuni imechorwa ng'ambo, lakini Kiswahili chake chote kinatoka kwenye koo hili. Pale studio wanamwita Mama Kishindo, naye anaitika bila kinyongo.

Leso ndiyo siri ya kazi. "Mbwa muda wote ana kitu mdomoni," anaeleza, akiifuta mate. "Sasa utatamkaje vizuri na umebeba kiatu cha watu?"

Kabla ya kukubali mahojiano haya, aliomba kitambulisho cha mwandishi, akakisoma pande zote mbili. Kisha akachukua simu ya mwandishi na kuifungia kwenye kopo la biskuti. "Kalamu tu, mwanangu. Sauti yangu imeshatembea vya kutosha."

Ana sababu. Amefanya kazi hii miaka sita, vipindi mia moja na nne. Zamani alikuwa mlezi wa chekechea, akiwalaza watoto mchana kwa hadithi za mbwa mwongo. Siku moja mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama mlangoni hadi hadithi ikaisha. Mzazi huyo ndiye mtayarishaji wake wa leo. Malipo ya vipindi viwili yanatosha kodi ya nyumba ya mwezi, na nyumba hiyo ndiyo anamolea mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye mama yake anafanya kazi mbali.

Mwezi uliopita mtayarishaji alimletea karatasi nne zenye sentensi mia nne, azisome kwa sauti ya Kishindo. "Tunapima mashine tu, mama," alimwambia.

Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoitupia jicho ya nne, machale yakamcheza. Humo mlikuwa na maneno "mkopo", "riba" na "masharti kuzingatiwa".

"Nikajiuliza, mbwa wa nyumbani anataka riba ya nini? Anakopesha ndala?"

Alicheka, lakini hakusoma. Alisema ana mafua. Wiki iliyofuata akasema ana jino. Mafua na jino vilipokwisha, mtayarishaji alimtumia kwenye simu sauti fupi ili kumtoa wasiwasi. Ilikuwa ya Kishindo, ikisalimia watoto na kuwaita waje karibu. Mama Kishindo hakuwahi kuyasema maneno hayo. Mashine ilikuwa imeyaunga yenyewe kutokana na karatasi tatu alizosoma.

Aliicheza akiwa jikoni, akaiacha simu mezani na kugeukia jiko. Mjukuu alikuwa sebuleni.

"Nikasikia, 'Abee bibi!' Mtoto huyo, mbio, akapita ubavuni kwangu bila kuniangalia, akaenda kuiinamia simu. Anaiitikia simu, na mimi nimesimama nyuma yake." Anakunja leso, anaikunjua. "Niliogopa. Sikuogopa kukosa kazi, hapana. Kesho simu ikimwambia amfungulie mgeni mlango, je?"

Mtayarishaji anasema hakuna ubaya wowote. "Tukimrahisishia kazi mama yetu, kosa liko wapi?" alimjibu mwandishi, akiangalia saa. Alipoulizwa kuhusu riba, alisema ni maneno tu, kama maneno mengine.

"Kikulacho ki nguoni mwako," ndiyo kauli ya Mama Kishindo, na haitoi kwa mafumbo. Sasa anamshuku kila mtu. Anamshuku fundi sauti, anayefahamiana naye tangu siku ya kwanza. Anashuku hata chai ya bure. Kipindi kikiisha, anasubiri taa nyekundu ya kurekodi izime ndipo aseme kwaheri.

Jumatatu atasaini mkataba wa msimu mpya, au hatasaini. Amempa mtayarishaji sharti moja, aliloandika kwa mkono nyuma ya karatasi ya nne: Kishindo asiseme neno ambalo mwenye koo hakulisema, na sauti zilizokwisha kuungwa zifutwe yeye akiwapo. Wakikataa, atarudi chekechea. Mwalimu mkuu ameshamwambia nafasi ipo.

"Mshahara ni nusu ya huu," anakiri. "Lakini kule watoto wanauona mdomo wangu."

Mchana, wakati wa mapumziko, anapiga simu nyumbani kwa jirani anayebaki na mjukuu wake. Simu inapopokewa, sauti ndogo inamtangulia kabla hajasalimia.

"Nani?"

"Bibi."

"Bibi kweli? Jana umenisuka mistari mingapi?"

"Saba. Na mmoja umepinda, kwa sababu hukutulia."

Kisha mwandishi, aliyekaa karibu, anasikia mtoto akihesabu polepole, bila shaka kidole kikiwa kichwani: moja, mbili, tatu. Mama Kishindo amefumba macho, ameibana simu sikioni, wala hamharakishi.

"Saba," mtoto anasema mwishowe. "Haya. Shikamoo bibi."