Shikamoo Isiyoitikiwa

Utafiti wangu wa uzamili unahusu tamthilia za mwanzo za televisheni zilizowatisha watu wazima kwa hadithi za sayansi. Kila juma ilikuja hadithi mpya yenye wahusika wapya, ikiigizwa studioni wakati uleule mtazamaji anapoitazama nyumbani. Hakukuwa na kurudia. Mwigizaji akisahau maneno, kamera iliendelea kumkodolea. Nyingi hazikuhifadhiwa, hivyo nilichokuwa nacho ni masimulizi ya hofu ya watu wengine. Msimamizi wangu aliona hayo hayatoshi.

"Andaa moja," alisema. "Tuone hofu hiyo inatoka wapi."

Niliandika hadithi fupi: mzee anarudi nyumbani, mtaani Themi, kutoka matibabuni, na binti yake anagundua polepole kwamba aliyerudi si baba, ni chombo kilichoundwa kwa mfano wake. Sikutaka damu wala taa zinazomulika. Binti anamwamkia, naye haitikii, basi. Kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ama amekasirika, ama hasikii, ama kuna jambo ambalo hakuna anayetaka kulitaja.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu na mwimba besi kanisani, alikubali kuwa mzee huyo.

"Maisha yangu yote nimewadai watoto salamu," alinitania mazoezini, "leo unanipa soda nizikatae?"

Mama mdogo, mkewe, alipomkumbusha dawa za presha, alimjibu, "Mashine haina presha, mama."

Tuliigizia darasani, chuoni Makumira, na watazamaji walikaa ukumbi wa jirani wakifuatilia kwenye skrini. Katika tukio la kwanza mzee bado ni wa kawaida. Alitakiwa aitikie kwa furaha, ili kimya cha tukio la tatu kitishe zaidi.

Mwanafunzi aliyeigiza binti akaingia. "Shikamoo baba."

Baba mdogo alimtazama.

"Shikamoo baba," alirudia, na safari hii sauti yake haikuwa ya mazoezini.

Kupitia ukutani nilisikia ukumbi ukiguna. Mpiga picha alininong'oneza, "Mzee anaua! Usikate."

Nilifikiri: amesahau. Kisha nikafikiri: hakusahau, ameamua kulivuta tukio la tatu mbele. Kisha: hapana, mtu aliyeitikia salamu za watoto miaka yote ile hawezi kusahau kuitikia, kwa sababu neno hilo halikai kwenye kumbukumbu, linakaa mdomoni. Hapo ndipo nilipoutazama mdomo wake. Upande mmoja ulikuwa umeshuka.

"Kata."

"Ndiyo kwanza inanoga!"

"Kata, nimesema!"

Nilipita mbele ya kamera kabla mpiga picha hajakata. Niliambiwa baadaye kwamba ukumbi uliponiona nikikimbia, ulipiga makofi.

Njia nzima hadi hospitali mjini, mama mdogo alikilaza kichwa cha mumewe mapajani na kumsemesha kwa Kimeru bila kusubiri majibu. Mimi nilikaa mbele nikisikiliza pumzi zake, na kila zilipokawia nilijizuia kugeuka.

Daktari, mwanamke wa makamo, aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Ilianza saa ngapi?"

Nilimtajia wakati wa ile salamu.

"Kabla ya hapo alikuwa mzima?"

Kabla ya hapo aliketi taratibu mno, na macho yake hayakupepesa. Nilikuwa nimeyaona yote mawili kwenye skrini ndogo ya kamera na kupanga kumsifu. Watu wote wale walikuwa wakimtazama kwa makini kuliko mgonjwa yeyote anavyotazamwa, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumsaidia daktari.

"Sina hakika," nilisema. "Alikuwa anaigiza."

Alinitazama kidogo, kisha akamwinamia mgonjwa. "Mzee, inua mikono yote miwili."

Wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulitetemeka juu ya shuka.

"Inua, baba, inua," mama mdogo alimsihi, kama anayemfundisha mtoto.

"Kama ilianza saa hiyo, mmewahi," alisema daktari, na kitanda kikasukumwa haraka hadi nyuma ya milango ambayo hatukuruhusiwa kuipita.

Mama mdogo alinishika kiwiko. Aliuliza kama maana yake ni kwamba atapona. Nilimjibu ndiyo, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, huku nikiomba asiinue macho akautazama uso wangu.