Kesi ya Bodri na Neno Lake

Bodri alikuwa fundi mishumaa wa Provins, mtu mpole, na ila yake ilikuwa moja tu: akishaaga haondoki. Siku moja ya baridi alisimama mlangoni kwa jirani yake, mjane Aaliz, mkono kwenye komeo, akisimulia habari za nta mpaka supu ya maharage ikaungua na paka akashikwa na mafua.

"Ama ingia ama toka," mjane akamwambia. "Usinibodrie hapa."

Wapita njia walisikia. Kufikia Pasaka mji mzima ulikuwa unabodri. Wageni walibodri, mvua ilibodri, hata jino bovu la padri lilibodri kabla ya kung'oka.

Bodri akaenda kwa hakimu.

"Bwana hakimu, hilo ni jina langu la ubatizo. Naomba watu wakatazwe."

"Vyombo vya shaba tunaviita dinanderi kwa sababu ya mji wa Dinant," hakimu akasema, "na sijaona watu wa Dinant wakija kulia hapa. Nenda nyumbani."

"Nashukuru, bwana, naenda. Ila kuna jambo moja dogo..."

"Unaona?" hakimu akamwambia karani wake.

Tangu hapo Bodri akawa anaondoka ghafla kila mahali. Alitoka kanisani katikati ya mahubiri, akatoka karamuni na kijiko mdomoni. Kwenye arusi ya binti yake aliondoka kabla bibi arusi hajafika, ikabidi mkewe, Osanne, amrudishe kwa kumshika ukosi.

"Mume wangu," akamwambia, "zamani ulikuwa unachosha. Sasa unatisha."

Mwishowe akapeleka mishumaa yake soko la Troyes, asikojulikana. Huko akamkuta mchukuzi wa mvinyo akilalamika kwamba nyumbu wake amebodri. Bodri alishindwa kuvumilia.

"Huyo kagoma tu, ndugu yangu. Kubodri lazima kwanza uage. Nyumbu kaaga lini?"

"Na wewe ni nani wa kutufundisha?"

"Mimi ndiye Bodri."

Mchukuzi akamtazama kwa huruma. "Bodri si mtu, mzee. Ni kitendo. Lugha yetu inakupiga chenga, umetoka wapi?"

Bodri akakaa juu ya gunia lake. Hakuna aliyekuwa anamcheka.

"Nimetoka Burgundi," akadanganya. "Naitwa Gilo."

Mwaka uliofuata wakahamia Troyes, na Osanne, akiulizwa mumewe ni nani, alisita kidogo kabla ya kujibu, "Gilo."