Imepimwa, Dada Akidor

Watu wa mtaa wa Bulapesa hapa Isiolo wanasema Akidor ana mdomo. Ana mdomo, ndiyo, nani amekataa? Lakini anayemlaumu kwa yale aliyomwambia Mzee Ekuam aje kwanza akae chini asikilize.

Akidor ni fundi wa nguo. Ana kibanda kando ya barabara na cherehani mbili, moja inafanya kazi na nyingine inavumilia. Sare nyingi za shule unazoziona mtaani zimetoka mikononi mwake, na hajawahi kurudishiwa sketi eti inabana. Siri yake ni kwamba anapima. Mteja aje na haraka zake, aseme nishonee kama ile ya mwaka jana, Akidor atamwambia simama wima, inua mikono, kisha atamzungushia tepu. Mwaka jana ulikuwa mwili mwingine, atamwambia.

Mtu wa namna hiyo, neno lililomtia mtegoni likawa hilohilo la kupima.

Mama yake anaishi kijijini Ngaremara peke yake. Macho yameingia ukungu na magoti yamegoma. Akidor aliwahi kumleta mjini akae naye, lakini katika nyumba za kupanga choo kiko mwisho wa ploti na kila mpangaji anakigombania. Mama alianguka akielekea huko. Alipopata nafuu akafunga kanga yake na kurudi Ngaremara, akisema afadhali kichaka anachokijua. Tangu siku hiyo Akidor alikuwa anashona kwa ajili ya kitu kimoja, nyumba yenye chumba cha mama na choo karibu na kitanda. Wenzake walinunua viti vya sofa, yeye akaendelea kukalia stuli.

Ndipo Mzee Ekuam akatangaza kwamba anauza nyumba yake. Mzee wa kanisa, Mturkana mwenzake, mtu aliyesimama naye siku ya mazishi ya mumewe. Nyumba ya mawe, rangi mbichi, vigae vinang'aa, na nyuma kuna chumba kinachopakana na choo cha ndani. Akidor alisimama kwenye mlango wa chumba kile akakiona kitanda cha mama yake kama kimeshaletwa. Akamweleza mzee habari za macho na magoti ya mama, kisha akauliza swali moja tu.

"Hii nyumba iko sawa, mzee?"

"Imepimwa, dada Akidor," Ekuam akajibu. "Waliopima walitoka serikalini. Wewe lala usingizi."

Alirudi kibandani akiimba. Jirani yake pale ni Khadijo, Msomali anayeuza vitambaa, na Khadijo hana kawaida ya kumwacha mtu aimbe bila kumuuliza sababu. Akidor akamweleza.

"Imepimwa nini?" Khadijo akauliza. "Ploti ama nyumba?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Wallahi si kitu kimoja. Hapa Isiolo ukisikia imepimwa ni ploti. Saveya wa ardhi amekuja, ameweka bikoni za mpaka kwenye pembe, ameenda zake. Hata mlango hakufungua. Sisi mtu akinunua ngamia anamfungua mdomo aone meno, anamtembeza aone miguu. Wewe unanunua nyumba kwa kuangalia rangi?"

Hasira ya kwanza ilimpanda hapo, na ilikuwa hasira juu yake mwenyewe. Anapima watu kutwa nzima, halafu anauziwa mbuzi kwenye gunia kwa neno lake mwenyewe! Alikata uzi kwa meno mpaka fizi zikamuuma.

Khadijo akampa namba ya Gacheri, injinia kutoka Meru ambaye kazi yake ni kukagua nyumba kabla mtu hajanunua. Akidor akamwarifu Ekuam kwa heshima kwamba kuna mtu atakuja kuangalia. Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa na habari.

"Tunasikia nyumba ya mzee ni mgonjwa," mama mmoja akamtania, "na wewe umeiitia daktari."

Wakacheka. Mwingine akasema kama muuzaji angekuwa wa kabila lingine, sawa, lakini huyu ni wetu. Huyu ni wetu! Kana kwamba wahenga walikosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Ekuam mwenyewe alimngoja langoni.

"Nilikuzikia mume, Akidor. Leo unaniletea mtu wa kunichunguza?"

Akidor akapita langoni. Ukitaka kumjua mtu wa kuogopwa, ni yule anayekukumbusha wema wake siku anapokuuzia kitu.

Gacheri alikuja na ngazi, tochi na nyundo. Akapanda juu ya dari, akashuka, akafungua mifereji, akazunguka kuta za nje. Ekuam alimfuata nyuma akimwonyesha bikoni. Gacheri akazitazama na kusema asante, zimekaa vizuri, kisha akaingia ndani na kuanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo, chumba kwa chumba. Sebuleni sauti ilikuwa kavu. Jikoni vilevile. Chumba cha nyuma sauti ikabadilika, ikawa kama ya debe tupu, na hata Akidor asiyejua ujenzi aliisikia.

Gacheri akaomba kikombe cha maji, akayamwaga kwenye vigae. Badala ya kufuata mlango, maji yakakimbilia katikati ya chumba yakatulia hapo. Kisha akakwaruza rangi chini ya dirisha, na nyuma yake ukatokea ufa uliozibwa kwa simenti, unashuka mpaka sakafuni.

"Mzee, kabla ya kujenga hapa, choo cha shimo kilikuwa wapi?"

"Choo gani?"

"Kila ploti ilikuwa nacho, mzee. Cha kwenu kilikuwa wapi?"

Ekuam akaangalia dari. "Kilijazwa," akasema. "Kilijazwa vizuri."

Gacheri akamgeukia Akidor. "Mama, chumba hiki kimekaa juu ya shimo la choo. Kilichojazwa ndani kimedidimia na sakafu imebaki inaning'inia. Siwezi kukwambia itaanguka lini. Lakini mimi singeweka kitanda hapa."

Akidor akaondoka juu ya vigae vile, akamkabili mzee. "Uliniambia imepimwa," akamwambia Ekuam.

"Na imepimwa. Ploti imepimwa. Mimi sikusema sakafu."

Alisema hivyo huku anataka kutabasamu, mzee mzima, mshika sadaka. Hapo ndipo Akidor alipoufungua ule mdomo watu wanaousema. Alimwambia kwamba yeye mzee alijua vizuri ni nani anayeletwa kulala mle ndani, kwa sababu alielezwa habari za macho ya mama na magoti yake. Alimwambia kwamba mtu mwenye ndimi mbili hafai kushika Biblia. Alimwambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa.

"Unakuza mambo," Ekuam akasema. "Hakuna mtu ameanguka. Tumelea watoto katika nyumba hii."

"Nani alikuwa analala chumba hiki?"

"Watoto."

"Watoto hawakulala humo."

Aliyesema ni Everline, mke wa Ekuam. Alikuwa amesimama kwenye ujia na sinia la chai, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Everline," mumewe akamwonya.

"Niliwakataza," Everline akasema, akimtazama Akidor. "Tulikuwa tunaweka magunia ya makaa tu. Na sakafu ilipoanza kushuka, baba yao aliyatoa."

Akidor alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Akamgeukia mzee wa kanisa.

"Makaa uliyahamisha," akamwambia. "Mama yangu ndiye ungemlaza."

Chai hakuigusa. Jioni alipiga simu Ngaremara kumwambia mama yake kwamba chumba bado, avumilie kidogo. Mama akasema hakuna neno, nyumba hutoa Mungu, na akamwomba amsalimie na kumshukuru sana Mzee Ekuam kwa kuwahangaikia. Akidor akakata simu kabla hajamjibu mama yake vibaya.