Kitabu Alichokificha Mwalimu Wariara

Shule zikifungwa, walimu wengine hupumzika. Mwalimu Wariara wa Dundori yeye huvaa koti lake la sufu, huwaachia wanawe ng'ombe wa kukama, na kuteremka Nakuru kwenda chuo kikuu. Ndivyo alivyosomea shahada yake, likizo baada ya likizo, hadi wenzake wakamuuliza kama anasomea udaktari wa moyo. Sasa ilikuwa likizo ya mwisho. Mwaka ukiisha angestaafu, na alikuwa ameapa kwamba hastaafu bila digrii. Kilichobaki ni mradi wake kuhusu watoto wanaochelewa kujua kusoma, nao ulitakiwa Ijumaa.

Maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu alichokihitaji, na hakikuruhusiwa kutoka nje. Basi Wariara akafanya wanavyofanya walimu wengi wa masomo ya likizo, ingawa hakuna atakayekubali ukimuuliza: kila jioni kabla ya kuondoka, alikificha. Alikipeleka kwenye rafu za miamba na madini, kusikoendwa na mtu, akakisukuma nyuma ya vitabu vinene. Asubuhi anakikuta pale pale. Kazi safi kabisa.

Jumatano asubuhi rafu za miamba zilikuwa tupu.

Alizunguka, akachungulia chini ya meza, akarudi tena kana kwamba rafu zingemwonea huruma. Bila kitabu kile mradi haukuwa na miguu. Machozi yalikuwa karibu, lakini angemlilia nani? Mtu haendi polisi kuripoti kwamba ameibiwa alichoiba.

Harun, mkutubi kijana wa mtaa wa Section 58, alimwona.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

"Niko sawa tu, Harun. Naangalia-angalia."

"Kwa mawe? Si wewe ni wa education?"

Akamwongoza hadi kwenye kompyuta ya katalogi. Miaka yote Wariara alikuwa akiipita mashine ile kama jirani waliyekosana naye. Harun akaandika jina la kitabu, na jibu likatokea kwenye kioo: kipo, rafu za elimu.

"Si hiki? Kiko available."

"Hiyo mashine yako inadanganya!" Wariara akafoka. "Hakiko huko."

"Na umejuaje, na hujaenda kuangalia?"

Njia ya mwongo ni fupi. Wariara akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Haki, Harun, nilikificha kwa mawe."

"Wewe na nusu ya walimu wa Rift Valley. Jana jioni tuliondoa vitabu vyote vya mawe tuviscan. Kitabu kikiwa mahali si pake, system inatuambia. Tulikirudisha kwao."

Wakaenda kwenye rafu za elimu. Kitabu kilikuwepo kweli, ila kilikuwa kimekumbatiwa na mwalimu mwingine, msichana wa mtaa wa Kaptembwo aitwaye Akeyo.

"Nimekitafuta wiki nzima," Akeyo akawaambia kwa furaha. "Computer inasema kiko, nikikuja hakiko. Nilikuwa karibu niache hii course."

Uso wa Wariara ukawaka kwa aibu. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua ila Harun. Lakini kwa miaka ishirini na kitu alikuwa amewaambia watoto wa darasa la pili waseme ukweli.

"Ni mimi nilikuwa nakificha, mami. Nisamehe."

Akeyo akamgeukia.

"Kumbe ni wewe! Na vile mimi nilikuwa nimepanga, nikikipata tu, nakificha kwa vitabu vya law."

Walicheka mpaka Harun akawaomba wakumbuke wako maktaba. Kisha wakavuta viti viwili kwenye meza moja, huyu akisoma kwa kunong'ona, yule akiandika, wakibadilishana. Siku mbili hizo Wariara alizifurahia kuliko masomo yake yote.

Ijumaa miradi ikakabidhiwa. Nakala moja ya kila mradi huwekwa maktaba, na ya kwake Wariara aliibeba mwenyewe. Harun akaiingiza kwenye katalogi, kisha akaondoka kwenye kiti chake.

"Keti, mwalimu. Sasa jitafute."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Kichwa cha mradi kikatokea, na chini yake: Mwandishi, Wariara Kihara. Akaligusa jina lile kwenye kioo. Kisha akasimama katikati ya maktaba, kwenye ukimya wa wanafunzi wote wale, akapiga vigelegele, na Harun, ambaye kazi yake ni kunyamazisha watu, akawa wa kwanza kupiga makofi.