Vitenzi Vyangu Vikaidi

Nilikuwa mwosha vyombo katika hoteli moja ya Malindi, miaka ya themanini, Wataliano walipojaa mjini. Ulimi wangu mrefu ukawaambia majirani kwamba nakijua Kitaliano. Bi Zuhura, mpika mahamri, akaniletea wanafunzi saba barazani kwake. Ningekataaje, na nimeshaanza kuitwa mwalimu na kuletewa mahamri ya moto kila alasiri?

Nikabuni lugha. Kitenzi cha kula nikakiita "mandolo". Juma lililofuata nimesahau, nikasema "frisika".

"Mwalimu, si ilikuwa mandolo?" akauliza Bi Zuhura.

"Mandolo ni kula leo. Ukila jana, ni frisika. Hicho ni kitenzi kikaidi, hakifuati kanuni. Kihifadhini tu."

Tangu hapo kila nilichosahau kikawa kikaidi. Na wale ni watu waliolelewa katika chuo cha Kurani. Wakihifadhi, wamehifadhi.

Tena chuoni, mwanafunzi akihitimu hufanyiwa shughuli. Siku moja nikakuta baraza imetandikwa mikeka, ubani unafuka, sinia la biriani limefunikwa. Mgeni wa heshima ni mpishi mkuu wa hoteli yetu, Mtaliano wa kuzaliwa.

Wakasoma vitenzi arubaini kwa pamoja, kwa sauti tamu, bila kukosea hata kimoja. Mpishi akasikiliza hadi mwisho, akapiga makofi.

"Nzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hii lugha ya wapi?"

Bi Zuhura akanigeukia, anatabasamu.

"Mwalimu, mgeni hakutuelewa. Hebu mweleze kwa Kitaliano."